Fundi Miguu Asiyesali

Nyuma ya hospitali, ukishapita chumba cha kufulia na matangi ya maji, kulikuwa na karakana yenye paa la bati na madirisha mapana. Ndani yake miguu ilining'inia ukutani, mikubwa kwa midogo, ya kulia kwa ya kushoto, mingine imevaa soksi. Aliyeingia kwa mara ya kwanza hakukosa kusita mlangoni.

"Karibu," fundi angemwambia. "Usiogope, hiyo haijajifunza kupiga mateke."

Jina lake la kuzaliwa lilijulikana na watu wa mishahara peke yao. Wengine wote walimwita Fundi Miguu, na mkewe alimwita Baba Pacha, kwa sababu walikuwa na mabinti pacha ambao sasa walishakuwa na nyumba zao. Alikuwa mtu mnene kiasi, viganja vimepauka kwa plasta, na alikuwa na tabia ya kuanza kucheka kabla mzaha wake haujafika mwisho. Mara nyingi msikilizaji aliambulia kicheko, mzaha wenyewe ukampita.

Na fundi huyu hakuwa mtu wa kusali.

Watu waliogundua jambo hilo walitaka kisa. Walidhani lazima kulikuwa na msiba, au mchungaji aliyemdhulumu, au kitabu alichosoma kikamharibu. Walimtazama kwa huruma wakisubiri asimulie. Naye hakuwa na cha kusimulia. Amezaliwa na baba katekista, amekua akijua nyimbo zote za ibada kwa moyo, amepiga magoti asubuhi na jioni kama nduguze. Halafu imani ikamwisha jinsi sabuni inavyoisha bafuni: huikumbuki siku iliyoisha, unanyoosha mkono tu unakuta kisahani kitupu. Kwa muda alijaribu kuomba kwa bidii zaidi, akagundua kwamba anajisikiliza mwenyewe. Akaacha. Hakugombana na mtu, wala hakumtukana Mungu wa mtu.

Baba yake alipopata habari alinyamaza siku nyingi. Mzee alikuwa anaamini kwamba mtu asiye na Mungu ana shimo ndani yake, na shimo hilo lisipojazwa hutoa harufu, hata kama ni baada ya miaka. Kwa hiyo akawa anamchunguza mwanawe kimyakimya, kama daktari. Akamwona anavyolea watoto, anavyocheka na majirani, anavyomzika shangazi yake na kulia kama watu wengine. Mwaka mmoja kabla ya kufariki alimwita kitandani.

"Mwanangu, nimekutazama muda mrefu," alisema. "Nilikuwa natafuta kidonda."

"Umekiona, baba?"

"Sijakiona. Nami sijui nifanye nini na jambo hilo." Mzee akamshika mkono, wakakaa hivyo mpaka chai ikaletwa.

Mkewe alikuwa mkunga katika hospitali ileile, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha, na alisali kama anavyopumua. Alipomchumbia, fundi alimweleza mambo wazi ili asije akasema alidanganywa.

"Unalewa?" mkunga aliuliza.

"Hapana."

"Unapiga wanawake?"

"Mimi? Hata kuku sijawahi kumpiga."

"Basi kaa hivyohivyo. Nitaomba kwa niaba ya wawili. Mdomo ninao."

Wakafunga ndoa kanisani kwa kuwa bibi harusi ndivyo alivyotaka, na bwana harusi alichokumbuka zaidi siku hiyo ni viatu vilivyombana. Tangu hapo Jumapili zao zilikuwa na utaratibu wake. Mama Pacha alikwenda ibadani, Baba Pacha alibaki akipika, na mama aliporudi alikuta chakula tayari na redio ikisema. Mkunga alipenda kuwaambia wenzake, "Mimi nawapokea watu duniani wakiwa kamili, mume wangu anawajazia wanachopungukiwa. Hapo katikati Mungu anajua anachofanya." Fundi akisikia hucheka, tena mapema.

Ndivyo walivyoishi, na maisha yangekwenda hivyo bila mtu kuuliza lolote, kama asingekuja Mwalimu.

Aliletwa na mdogo wake, seremala mpole ambaye alisukuma kiti cha magurudumu kama amebeba kioo. Mwalimu alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, shingo imenyooka hata akikaa. Kwa miaka mingi alifundisha muziki shuleni na kuongoza kwaya ya kanisa lile lile alilosali Mama Pacha. Kwaya hiyo ilikuwa inarudi kutoka kuimba kwenye harusi mji wa jirani. Walikuwa katikati ya wimbo wa shukrani gurudumu la basi lilipopasuka, basi likabiringika mtaroni. Wanakwaya wawili walifariki palepale. Mmoja alikuwa rafiki yake wa tangu utoto, aliyekaa naye kiti kimoja. Mwalimu mwenyewe alikatwa mguu wa kulia chini ya goti.

Akiwa wodini, akina mama wa kanisani walikuja kwa makundi. "Mungu amekuokoa, mwalimu wetu. Ana kazi na wewe."

"Na mwenzangu hakuwa na kazi naye?" aliwauliza.

Walijibu kwa mistari ya maandiko, yeye akageukia ukutani. Alipotoka hospitali alimwambia mdogo wake wakija tena aseme amelala. Wakawa wanaondoka na vikapu vyao mlangoni, kila mara amelala.

Siku hiyo karakanani fundi alimkalisha kwenye benchi, akamvika soksi nyembamba juu ya kigutu cha mguu, akaanza kukizungushia bandeji zilizoloweshwa plasta. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza: kuchukua umbo la kigutu, ili baadaye kikombe cha plastiki kitakachokibeba kikae bila kuchubua. Bandeji zikishazungushwa, fundi hushikilia kwa mikono miwili, vidole gumba chini ya goti, akasubiri zikauke.

"Nitatembea?" Mwalimu aliuliza, macho dirishani.

"Utatembea."

"Mbona humalizii? Kila mtu humalizia, Mungu akipenda."

"Ukifanya mazoezi," fundi alisema, "na mimi nisipokosea vipimo."

Mwalimu akageuka akamtazama kwa mara ya kwanza. "Wewe si mtu wa kanisa?"

"Mke wangu ndiye mtu wa kanisa. Mimi ni mtu wa mke wangu."

Seremala alicheka. Dada yake hakucheka. "Nakuuliza kweli, Fundi."

"Basi kweli. Siamini, Mwalimu. Ni siku nyingi."

"Na unaishije?"

Plasta ikianza kukauka fundi hawezi kuachia, kwa hiyo hakuwa na pa kukimbilia. Alitazama vidole vyake, akamtazama seremala aliyekuwa anakagua meza kama anataka kuinunua, akarudi kwa Mwalimu.

"Naishi vizuri tu," alisema.

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililonalo leo."

Jioni ile alimkuta mkewe uani anaanua nguo. Akachukua upande wa pili wa shuka, wakalikunja pamoja.

"Mama Pacha, hivi unadhani mimi nimetosheka?"

"Na nini?"

"Na maisha. Kwa ujumla."

Mkunga alisimama na shuka mkononi. "Kuna mtu amekuuzia dawa?"

"Nakuuliza."

"Ungekuwa hujatosheka mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kujua. Mtu asiyetosheka hakoromi namna hiyo. Yule huamka, akazunguka, akafungua kabati, hajui anatafuta nini." Alilipokea shuka, akaliweka kwenye beseni. "Mimi ndiye wa hivyo. Bila maombi ningekuwa mtu wa kisirani, ungenikimbia. Asubuhi nikishaongea na Mungu ndipo naweza kuongea na nyinyi."

"Na mimi je? Mbona sihitaji?"

"Labda umezaliwa na tumbo dogo. Kidogo tu unashiba. Mimi nina tumbo kubwa, nahitaji karamu." Akamtazama kando. "Lakini si kwamba sijaumia, Baba Pacha. Kuna siku naimba pale kanisani natamani ungekuwa kando yangu. Wewe umekaa unakaanga vitunguu."

"Vitunguu unavila."

"Navila, ndiyo. Sikusema ni vibaya."

Waliingia ndani. Fundi alilifikiria lile tumbo wiki nzima.

Mwalimu alirudi kujaribu kikombe, akarudi tena kukirekebisha, na kila alipokuja alikuja na swali. Aliuliza kama fundi haogopi kufa. Fundi alisema anaogopa, lakini anaogopa pia kung'olewa jino. Aliuliza anapofurahi humshukuru nani. Alisema anamshukuru aliye karibu. Mwalimu hakupenda majibu hayo, aliyaona mepesi. Siku moja aliweka magongo yake chini akasema kwa sauti ndogo:

"Nataka uniambie hakuna kitu huko juu. Nikisikia kwa mtu mwenye akili timamu, mtu mwema, nitapumzika."

Fundi alikuwa ameshika spana ndogo, anakaza bomba la mguu kwenye wayo wa mpira. Akaiweka mezani.

"Mwalimu, mimi ni fundi wa miguu. Si fundi wa mbingu."

"Unalijua jibu lako. Lilete."

"Langu ni langu. Halikuniletea amani, wala halikuniondolea. Nilivyo leo nilikuwa hivi hivi nikiwa mtoto wa katekista, mtu wa kucheka. Nikikupa wewe halitafanya kazi unayoitaka."

"Basi wewe ni mwoga," Mwalimu alisema, akamwita mdogo wake, wakaondoka kabla mguu haujafungwa.

Wiki iliyofuata hakuja. Iliyofuata tena hakuja. Mguu ulikamilika, ukasimama pembeni ya meza peke yake, na kila fundi alipofagia aliuzunguka. Neno "mwoga" lilikuwa limemkaa. Aliligeuza, akaona lina ukweli kidogo, ila si ule alioukusudia Mwalimu. Imani yake yeye ilimwisha polepole bila maumivu, na pale ilipokuwa pakaota mambo mengine. Ya Mwalimu iling'olewa siku moja, pamoja na mguu na rafiki. Angempaje dawa ya ugonjwa ambao yeye hakuwahi kuuugua?

Alimweleza mkewe hayo yote Jumamosi wakati wa kunywa chai. Mkunga alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Na kigutu?" aliuliza. "Si mnasema kinabadilika kikikaa?"

"Kinabadilika. Akichelewa sana kikombe hakitaingia."

"Sasa umekaa hapa unafanya nini? Vaa viatu."

Waliufunga mguu kwenye kitambaa wakaenda. Mwalimu aliishi na mdogo wake kwenye nyumba ndogo yenye baraza na vyungu vya maua. Seremala aliwafungulia, akaanza kusema dada amelala, Mama Pacha akampita kama mlango ulio wazi. Sebuleni kulikuwa na kinanda kilichofunikwa kwa shuka, na juu yake lundo la nguo safi zinazongoja kukunjwa. Mwalimu alikaa kando, ameshika kitabu bila kusoma.

"Shikamoo, Mwalimu," fundi alisema, ingawa huenda yeye ndiye aliyekuwa mkubwa. Alitaka kuanza chini.

"Usinishikamoo, Fundi. Marahaba yenyewe sina." Macho yake yalienda kwa mkunga. "Na wewe, dada, umekuja kunirudisha kundini?"

"Nimekuja kumsindikiza mume wangu, anaogopa mbwa," Mama Pacha alijibu. "Hizi nguo mnazikunja au ni pambo?" Na bila kungoja alivuta lundo mapajani akaanza na mashati.

Hapakuwa na mbwa. Seremala alileta machungwa yaliyomenywa. Fundi aliufungua mguu akauweka sakafuni, akakaa akiutazama kana kwamba nao ni mgeni. Hatimaye Mwalimu ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Dada, nikuulize. Miaka yote hii unalala na mtu asiyeamini. Huogopi atachomwa?"

"Nilikuwa naogopa, zamani. Nikalia sana." Mama Pacha alinyoosha kola kwa kidole. "Halafu siku moja nikamwambia Mungu wazi. Nikamwambia, huyu umemfinyanga wewe. Mikono umempa, moyo umempa, hasira hukumpa hata kijiko. Kama kuna kitu ulisahau kuweka, usije ukamdai yeye. Rudi ukague kazi yako."

"Ukamwambia hivyo?"

"Kwa sauti. Ningefanyaje? Nilikuwa zamu, nimesimama tangu asubuhi, miguu inaniuma."

Mwalimu alifunika mdomo. Mabega yakaanza kutikisika, na fundi akadhani analia, akataka kusimama. Kumbe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kipande cha chungwa kikamponyoka, na seremala, ambaye hakuwa ameisikia sauti ile tangu ajali, alikwenda jikoni kufuata maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

"Sikujua mtu anaruhusiwa kusema naye namna hiyo," Mwalimu alisema alipotulia.

"Mimi sijui kinachoruhusiwa. Mimi nilisema."

"Mimi nina maneno mabaya kuliko hayo."

"Basi yaseme. Au usiyaseme. Ila huu mguu jaribu, maana kuubeba kurudi nao ni uzito mtupu."

Akaujaribu. Kikombe kiliingia kwa shida kidogo, soksi moja ikapunguzwa, kikakaa. Alisimama ameshika mkono wa fundi upande mmoja na ukingo wa kinanda upande wa pili, nguo zikiwa zimeshatoka juu yake. Hakupiga hatua siku hiyo. Alisimama tu, akatazama chumba chake kutoka kimo alichokizoea zamani.

Alirudi karakanani na mazoezi yakaanza kwa dhati. Kulikuwa na vyuma viwili vya kushikilia, vimetandazwa sambamba kama reli, na kioo kikubwa mwisho wake. Wenye miguu mipya hutembea katikati wakijitazama. Kosa lao karibu wote ni moja: wanaharakisha hatua ya mguu wa bandia kwa kuuogopa, wanakaa mno kwenye mguu mzima, ndipo wanachechemea. Fundi alikuwa akipiga kelele mchana kutwa, "Sawasawa! Gawa sawasawa!" na hakuna aliyegawa.

Mwalimu alijirekebisha haraka kuliko wengi. Alihesabu mapigo kimoyomoyo, midomo ikichezacheza. Siku moja, akiwa amepumzika benchini, alimtazama mzee mmoja aliyeitwa Sajenti, mlinzi mstaafu aliyepoteza mguu kwa kisukari, anavyoburuta miguu kati ya vyuma kama anavuta gunia. Alivumilia, alivumilia, mwisho uvumilivu ukamwisha.

"Mzee, unakata mdundo!" alisema. "Nne kwa nne. Nisikilize." Akaanza kupiga makofi.

Sajenti alijaribu kuyafuata. Makofi peke yake hayakutosha, hivyo Mwalimu akaongeza sauti, mwanzoni kuguna tu, halafu maneno. Na kwa kuwa maisha yake yote aliimba kanisani, wimbo uliomjia ulikuwa wa kanisani, ule wenye mwendo wa taratibu unaoimbwa watu wakiingia. Alipofika ubeti wa pili alijisikia, akanyamaza ghafla, mkono mmoja hewani.

Karakana yote ikanyamaza naye. Fundi aliacha kupiga msasa.

"Endelea basi, mama," Sajenti alisema kutoka katikati ya vyuma, mguu mmoja juu. "Umeniacha nimening'inia kama korongo!"

Mwalimu alimtazama mzee yule, akautazama mguu ulio juu. Akaendelea. Machozi yalikuwa yanamtiririka ubeti wa pili wote na sehemu ya wa tatu, lakini sauti haikuyumba, na Sajenti alifika mwisho wa vyuma akitembea kama mtu anayekwenda gwaride. Wengine waliokuwa wakingoja zamu wakaomba nao waimbiwe. Kuanzia hapo Mwalimu akawa anakuja kila Alhamisi, awe na miadi au asiwe nayo, na fundi akapumzika kupiga kelele.

Ilikuwa moja ya Alhamisi hizo, wagonjwa wameshaondoka, ndipo alipomwuliza tena lile swali la kwanza. Safari hii hakulirusha kama jiwe.

"Unaishije, Fundi? Niambie polepole. Mimi sasa sina haraka."

Fundi alikuwa anafagia vumbi la plasta. Akaegemea fagio.

"Kuna wakati unafika," alisema, "mtu ameshavaa mguu wake wiki kadhaa. Amekaa hapo ulipokaa, tunapiga soga. Mara anakumbuka kofia yake iko kule dirishani. Anainuka, anakwenda, anaichukua, anarudi. Hajafikiri mguu hata kidogo. Mimi simwambii kitu. Lakini siku hiyo nikirudi nyumbani nimeshiba. Nikimkuta Mama Pacha anaimba jikoni, nimeshiba zaidi. Sina jingine la kukuficha."

Mwalimu alitikisa kichwa kukubali. "Ni jambo zuri," alisema. "Ila mimi halinitoshi. Nimejipima. Naja hapa, nafurahi, narudi nyumbani, bado kuna kitu kinabisha hodi."

"Basi kafungue uone."

"Nimemkasirikia mno, Fundi. Asubuhi nikiamka nampa maneno yangu yote, kama mkeo alivyonifundisha." Alitabasamu kwa upande mmoja. "Lakini mtu hamkasirikii asiyekuwepo. Au vipi?"

"Hilo kamwulize Mama Pacha. Mimi hapo natoka nje ya eneo langu."

Haikupita muda, Mwalimu alimtuma mdogo wake kwa fundi na ombi. Alitaka kwenda kanisani Jumapili. Hakuahidi mtu kwamba ataimba, wala kwamba atarudi tena. Tatizo ni ngazi za mbele. Zilikuwa ndefu, hazina pa kushikilia, na hakutaka kupanda akibebwa na akina mama wale. Angependa fundi awepo nyuma yake, kama mguu utagoma.

Kwa hiyo Jumapili hiyo vitunguu havikukaangwa. Fundi alivaa shati alilolinyoosha mwenyewe, akatembea na mkewe bega kwa bega mpaka kanisani. Mama Pacha hakusema chochote njiani, na kwa mwanamke yule kunyamaza kulikuwa sawa na ngoma kupigwa. Mwalimu aliwasubiri chini ya ngazi na gongo moja. Alipanda. Mguu mzima kwanza, wa bandia ukifuata, kama walivyofanya mazoezi. Fundi alipanda nyuma yake akikitazama kisigino kwa makini, na watu waliomwona walidhani ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Walikaa viti vya nyuma. Fundi alijikuta bado anazijua nyimbo. Aliziimba baadhi, zilizokuwa nzuri, kwa sauti ya chini, na alifurahi hasa, kama mtu anavyofurahi kupita mtaa aliokulia hata kama nyumba yao ilishauzwa. Wakati wa maombi alikaa akatazama mwanga kwenye vioo na uso wa mkewe, na hakuona shimo lolote likifunguka ndani yake, wala hakuona kitu kikishuka. Mwalimu upande wa pili hakufumba macho. Midomo yake ilikuwa inakwenda kwa kasi, mashavu yamewiva. Bila shaka alikuwa anamwambia mtu maneno yake.

Mchungaji alipomwona alimtolea Mungu shukrani kwa kumwinua binti yake na kumtembeza tena. Kanisa zima likapiga vigelegele. Mama Pacha alimgusa fundi ubavuni kwa kiwiko. Walipotoka nje, Mwalimu alimfuata amenuna.

"Hawakukutaja hata kwa jina."

"Umeshuka ngazi vizuri kuliko ulivyopanda," fundi alisema. "Ulishika kitu?"

"Sikushika."

"Basi."

Mchungaji naye alikuja kumsalimia, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Fundi, tutakuona tena?"

"Wekeni pa kushikilia kwenye hizo ngazi, mchungaji. Nikialikwa kuja kuvipima vyuma, nitakuja."

Mchungaji alicheka, akasema atalipeleka kwa wazee wa kanisa. Kweli vyuma vikaja kufungwa, na seremala akaweka mbao za kushikia juu yake.

Mwalimu hakuwa mtu wa kila Jumapili tena. Nyingine alikwenda, nyingine alikaa nyumbani akapiga kinanda, na aliyemwuliza aliambiwa kwamba yeye na Mungu bado wako kwenye mazungumzo. Kwaya hakurudi kuiongoza. Ya Alhamisi alisema inamtosha, ina sauti mbaya lakini haikosi mwendo.

Mchana wa siku ile ya ngazi walikula pamoja kwa fundi, chakula kikachelewa kwa sababu mpishi alikuwa ibadani. Mama Pacha na Mwalimu walibishana kuhusu wimbo wa mwisho. Mmoja alisema umeanzishwa juu mno, wanaume wakapotea. Mwingine alisema wanaume wale wangepotea hata ungeanzishwa uvunguni. Fundi alikuwa anasuuza sahani mlango wa jikoni ukiwa wazi, mikono imejaa povu, jua limemfika mgongoni. Wakamwita aamue.

"Mimi nilikuwa natazama mguu," alisema.

"Basi nyamaza utuletee chai," mkewe alimwambia, na wakarudi kwenye ubishi wao. Fundi akabandika maji, akicheka peke yake.